Mleta uzi, hapo meli yako haifiki Stockholm

Mkuu, simama kwanza. Nimesoma maswali yako manne (cha kuona, makoti, chakula halali, zawadi za kubeba) nikafika pale ulipobandika ratiba ya meli ya kitalii ya Julai, ile utakayopanda na mama na watoto hadi Stockholm, Uswidi, nikaliona neno moja dogo limejibanza baada ya Stockholm: Nynäshamn. Nikaweka kikombe cha chai chini. Wachangiaji kumi na tatu wamekujibu hapo juu, karibu wote "hongera mkuu, tuletee picha", na mmoja kakuhakikishia kwamba ukishuka tu, dakika kumi kwa miguu uko mji mkongwe. Huyo mmoja ndiye kanitoa mafichoni. Mimi huwa nasoma tu humu, siandiki.

Kutoka Nynäshamn hadi Stockholm ni kama kilomita 60. Yaani ni sawa na meli itie nanga Bagamoyo, halafu kipaza sauti kiseme "karibuni Dar es Salaam". Wewe una mama mzazi mwenye magoti mabovu na watoto wawili. Mtatembea mpaka lini?

Sababu ni hii: Stockholm imejificha nyuma ya maelfu ya visiwa, na njia ya kupenya katikati yake ni nyembamba, ina kona. Meli nyingine hupita na kuingia hadi mjini, zikafunga gati la Stadsgården, na kutoka hapo kweli unajikongoja kwa miguu hadi Gamla Stan, yaani huo mji mkongwe. Nyingine hufunga gati la Frihamnen, ambako utahitaji basi. Majitu makubwa huishia kusini huko, Nynäshamn. Kwenye brosha, magati yote matatu yanaitwa Stockholm.

Sasa nikueleze nilivyolijua hilo, mwaka 2019, kwa pauni 200.

Tulikuwa watatu: mimi, mke wangu, na mama mkwe aliyetoka Tanga kuja kututembelea Uingereza. Nikajifanya mkwe wa maana, nikamlipia meli ya Baltiki. Wiki mbili kabla ya safari nilikesha nikitazama video za kijana mmoja, kofia kageuza nyuma, meno meupe, anashuka melini na kamera mkononi: "Hiyo hapo Gamla Stan, msiwape hela zenu watu wa mabasi!" Nikamwamini kama shehe. Kumbe meli yake yeye ilifunga Stadsgården. Hakusema. Video nzima ya dakika ishirini na mbili, kaeleza mpaka alivyokunywa kahawa, jina la gati hakulitaja hata mara moja. Namtakia maisha marefu na soksi zenye maji.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, dawati la matembezi pale melini walikuwa wanauza tiketi za basi la kwenda mjini na kurudi, pauni 40 kwa kichwa. Nikacheka. Nikamwambia mke wangu, hawa wezi, pauni 120 kwa dakika kumi za kutembea? Akaniuliza, "Una uhakika?" Swali hilo ukiulizwa na mkeo, mkuu, jibu lake siku zote ni hapana.

Asubuhi tukanywa chai taratibu, tukashuka kwenye saa nne kasorobo. Mbele yetu mji mdogo, nyumba za mbao, boti, watu wanakula samaki wa kuvutwa kwa moshi. Mama mkwe kashika mkoba wake, akaangalia kulia, akaangalia kushoto. "Baba Neema, hii ndiyo Stockholm?" Nikamwambia ni pembezoni mwa mji, mama. Mungu anisamehe.

Kwenda hakukuwa na shida. Stesheni iko karibu na bandari, treni ya abiria inakufikisha kituo cha Stockholm City kwa kama saa nzima. Tukafika saa tano na ushei. Tukaenda kisiwa cha Djurgården kuiona Vasa, na hiyo nakuambia usiikose: jahazi la vita la mfalme Gustav II Adolf, lilizama tarehe 10 Agosti 1628 katika safari yake ya kwanza, baada ya mwendo wa mita 1,300 hivi. Lilikuwa zito juu, jembamba chini, upepo kidogo tu likalala, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga. Likaopolewa mwaka 1961 baada ya miaka 333. Mbao zimesimama, masanamu yamesimama. Mama mkwe akasema, "Wote hao na elimu yao, hakuna aliyemwambia mfalme?" Nikacheka sana. Sikujua siku yangu mwenyewe ina mita ngapi zilizobaki.

Gamla Stan tukapitia mbiombio. Mawe ya barabarani yalimtesa mama. Tukala mkate mtamu wa iliki, akaunusa, akasema hawa wameiga maandazi yetu. Makumbusho ya Nobel yapo hapo hapo uwanjani Stortorget, tukayapita mlangoni. Leo ningeingia, kwa heshima ya Mzanzibari wetu Abdulrazak Gurnah, aliyepewa Nobel ya fasihi 2021.

Sasa sikia. Tulitakiwa tuwe melini saa 10:30 jioni, meli ing'oe nanga saa 11. Julai kule jua la saa tisa alasiri liko juu kama la saa saba, mwili hauambiwi kwamba muda umekwenda. Saa 9:05 tukaingia kwenye treni. Njia ile ile, upande ule ule, tukakaa, nikavua viatu. Kwenye saa 9:40 treni ikasimama Västerhaninge, taa zikapunguzwa, watu wote wakashuka. Wote. Tukabaki watatu kama vitunguu vilivyosahaulika kwenye kapu.

Ndivyo nilivyojifunza kwamba treni za upande ule hazifiki zote Nynäshamn. Nyingine huishia Västerhaninge, nusu ya njia. Jina la mwisho wa safari limeandikwa kwenye ubao, kubwa, mimi sikulisoma kwa kuwa nilishajiona mwenyeji. Iliyofuata ya kufika bandarini ilikuwa baada ya nusu saa, na mwendo wake nusu saa nyingine. Piga hesabu mwenyewe: tungefika mlango umefungwa. Bandari iliyofuata ilikuwa Tallinn, Estonia. Pasipoti ya mama mkwe ilikuwa kabatini melini, na viza yake ya Schengen ndani yake.

Nje ya stesheni kulikuwa na teksi moja. Na hapa kuna kitu kingine ambacho hakuna mtu wa video anayekuambia: Uswidi bei ya teksi haipangwi na serikali. Kila mwenye teksi anajipangia yake. Kinachotakiwa ni karatasi ya njano dirishani, yenye namba moja kubwa ya kulinganishia, ukiiona kubwa unaondoka. Mimi niliiona baadaye, wakati nashuka. Mita ilisoma kronor 2,350. Kwa hesabu ya siku ile, pauni 200 kamili, kwa safari ambayo tiketi ya treni nilikuwa nayo mfukoni. Nilipotoa noti, dereva akatikisa kichwa, kadi tu. Nilikuwa nimebadilisha pesa taslimu nyingi kabla ya safari, hazikunisaidia popote. Nyingine ninazo hadi leo. Greta Garbo yuko kwenye droo ya soksi, ananitazama kutoka kwenye noti ya mia.

Tulifika saa 10:24. Abiria walikuwa wamejaa kwenye roshani za meli kutazama wachelewaji, ndiyo burudani yao, wakatupigia makofi. Mama mkwe akawapungia mkono kama mgombea ubunge. Mke wangu hakuongea na mimi mpaka Tallinn.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja, mkuu, na nitairudia hata ukinichoka: usisome jina la mji, soma jina la gati. Bandari ya Stockholm huweka kwenye tovuti yake orodha ya meli za msimu mzima, kila meli na mahali itakapofunga. Tafuta jina la meli yenu na tarehe. Ikiwa Stadsgården, yule mchangiaji yuko sahihi na mimi nimepoteza jioni yangu. Ikiwa ni Nynäshamn kama ulivyobandika, basi siku yako ya saa tisa ina saa tano au sita tu za mjini, kwa kuwa treni inakula mbili, na moja uiache iwe ya ujinga. Ujinga haukosekani ukiwa na watoto. Na ukijua gati, mengine yote yanajipanga: utaona kama basi la meli ni wizi au ni nafuu. Lile basi nililolicheka, kama lingechelewa, meli ingelisubiri, kwa sababu ni la kwao. Mimi na teksi yangu nani angetusubiri?

Na si Stockholm peke yake. Ukiona meli imeandika Roma, ujue unashukia Civitavecchia. Paris ni Le Havre. Berlin ni Warnemünde, huko ni safari ya karibu saa tatu. Gati, mkuu. Gati.

Kuhusu makoti, beba la mvua. Halali sikumbuki uliuliza ya mjini au ya melini. Sisi tulikula samaki. Zawadi sijui, sisi tulinunua sumaku ya friji, ya Tallinn.

Ukishaliona gati liandike hapa hapa kwenye uzi, usije inbox. Na kama ni Nynäshamn, niambie pia mlishalipia nini, maana mwenzako kaniandikia kando kwamba umeshakata tiketi za Vasa za saa 3 asubuhi. Meli inafika saa 2.