Margarita ya embe inatoka chapwa: nirekebishe wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo baa ya hoteli ndogo Nungwi, huu mwaka wa pili. Margarita ya kawaida naiweza na wageni wanaisifu. Zinazonishinda ni hizi nyingine. Ya embe inatoka kama juisi, ya kusaga na barafu inakuwa chapwa, na juzi mgeni kaagiza Tommy's, nikampa ya kawaida, akairudisha. Kila siku napima vilevile. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Kosa umelitaja mwenyewe: unapima vilevile. Margarita husimama kwa vitu vitatu, yaani ukali wa tekila, uchachu wa ndimu na utamu wa likea ya machungwa, yaani pombe tamu yenye ladha ya machungwa kama triple sec. Kipimo cha IBA, chama cha kimataifa cha wahudumu wa baa, ni mililita 50 za tekila, 20 za triple sec na 15 za ndimu. Ukiongeza kitu cha nne, hivyo vitatu havikai tena pale vilipokuwa.

Tuanze na embe. Dodo lililoiva lina sukari nyingi na uchachu kidogo sana. Ukimimina rojo lake juu ya kipimo cha kawaida, utamu unapanda, ndimu inazama, na tekila inasikika kwa mbali tu. Hiyo ndiyo juisi unayoilalamikia. Mimi natia tekila 50, rojo la embe 40, likea nashusha hadi 15, na ndimu napandisha hadi 25. Onja kabla ya kutikisa: ikibana kidogo pembeni mwa ulimi, iache hivyo, maana barafu itaipunguza makali. Pasheni nayo ni kinyume cha embe. Imekuja na uchachu wake, kwa hiyo ndimu 15 zinatosha na utahitaji shira kidogo.

Hapa nisisitize jambo: ndimu, si limau, na ikamuliwe siku hiyohiyo. Nilipoanza kazi Dar es Salaam, tulikuwa tunakamua jagi zima jioni ili litumike kesho yake. Usiku mmoja mgeni alionja mara moja, akaisukuma glasi pembeni bila kusema neno. Nikaonja maji ya ndimu yaliyobaki kwenye jagi: yalikuwa machungu, harufu ile ya ganda bichi imekwisha. Tangu siku hiyo nakamua kidogo kidogo kadiri wageni wanavyoingia. Hizi ndimu zetu ndogo za ganda jembamba ni za jamii ileile wanayokamua Mexico, kwa hiyo kwenye hilo umebahatika kuliko wengi wanaofanya kazi hii Ulaya.

Ya kusaga ina sababu mbili za kupooza. Baridi kali inaufanya ulimi usiusikie utamu sawasawa, na barafu iliyosagwa yote inaishia tumboni mwa mnywaji, tofauti na ile unayoichuja kwenye sheka, kile chombo cha kutikisia. Kwa hiyo ongeza: tekila 50, likea 20, ndimu 25, shira 20, na barafu glasi moja iliyojaa. Weka chupa ya tekila na glasi kwenye friza tangu asubuhi. Zikiwa za moto, barafu inayeyuka kabla blenda haijamaliza, na unapata maji yenye chengachenga. Blenda ilimsumbua hata Mariano Martinez, mwenye mgahawa kule Dallas, Marekani. Wateja wake walilalamika kwamba glasi ya leo si ya jana, ndipo mwaka 1971 akaigeuza mashine ya aiskrimu laini kuwa mashine ya margarita. Mashine hiyo leo imehifadhiwa kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington.

Sasa Tommy's. Hii haina likea ya machungwa hata tone, ndiyo maana mgeni akairudisha. Julio Bermejo wa mgahawa wa Tommy's, San Francisco, aliiondoa likea akaweka shira ya agave, mmea uleule unaotoa tekila. (Agave ni jamii ya mkonge. Ule wa mashamba ya Tanga nao asili yake ni Mexico, uliletwa mwaka 1893, ila huo ni wa nyuzi.) Tia tekila 50, ndimu 25, na shira ya agave 10 uliyoichanganya na maji kiasi hichohicho, maana ni nzito na peke yake huganda chini ya sheka. Kwa kuwa hakuna machungwa ya kuificha tekila, soma chupa kwanza. Ikiwa haijaandikwa "100% de agave", sheria ya Mexico inaruhusu hadi asilimia 49 ya sukari yake itoke kwingine, kwa mfano kwenye miwa, na kwenye Tommy's utaisikia mara moja. Asali ya nyuki inafanya kinywaji kizuri pia, lakini mwambie mgeni ni ya asali.

Chumvi weka nusu ya ukingo tu, ili mgeni achague upande wa kunywea. Pitisha kipande cha ndimu upande wa nje, kisha viringisha glasi kwenye chumvi ya mawe iliyotwangwa nusunusu. Ya unga inaingia ndani na kuharibu kipimo chako chote.

Na kwa nini usiwape ya ukwaju? Mexico wanaipenda sana, na wewe ukwaju unao sokoni. Loweka, kamua, chuja mpaka upate rojo zito, kisha: tekila 50, ukwaju 30, ndimu 10 tu, shira 20. Kwenye chumvi ya ukingo changanya pilipili kavu ya kusaga. Tikisa sekunde kumi na mbili hivi, mpaka sheka igande ukungu nje na vidole vianze kuuma, ndipo uchuje.