Je, mate yanaweza kuchukua nafasi ya biopsi ya kinywa?

SWALI: Habari za kazi, daktari. Mimi ni mtaalamu wa maabara katika hospitali ya wilaya huku pwani, ambako watu wengi wanatafuna tambuu na kuberi (tumbaku ya kutafuna). Mashine ya PCR, ile inayozidisha nakala za vinasaba mzunguko kwa mzunguko ili zipimike, tunayo tangu wakati wa korona. Nimesoma kwamba RNA (nakala zinazotolewa na jeni) iliyomo kwenye mate inaonyesha saratani ya kinywa. Tukipata vitendanishi (kemikali za kupimia), tunaweza kuacha biopsi, yaani kuwakata wagonjwa kipande cha nyama cha kupima? Na tupime RNA ipi?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Kuacha biopsi, hapana. Lakini hilo la RNA ipi lina utamu wake, tulikalie kidogo.

Mwaka 2004 kikundi cha David Wong, Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kililinganisha mate ya wagonjwa 32 wa saratani ya kinywa na ya watu wazima wasio na ugonjwa 32. RNA mjumbe saba, yaani zile zinazobeba maagizo ya kutengeneza protini, zilikuwa zimepanda, zikiwemo za jeni IL-8 na IL-1B. Nne zilipounganishwa, zilitambua asilimia 91 ya wagonjwa, na asilimia 91 ya wasio wagonjwa zikawapitisha salama. Wengi walishangilia. Mimi nilijiuliza habari za fizi. Jeni hizo mbili huamka popote penye uvimbe na maambukizi, na kwenye kliniki zetu mtu asiye na fizi mbovu ni wa kumtafuta.

Ndiyo maana macho yalihamia kwenye mikro-RNA: vipande vya nyukleotidi (herufi za RNA) 22 hivi, visivyotengeneza protini bali hunyamazisha RNA mjumbe. Mate yamejaa vimeng'enya vinavyokatakata RNA iliyo uchi, ila hivi vidogo husafiri vimefungwa ndani ya vifuko vya seli au vimeshikwa na protini, basi vinadumu. Mwaka 2009 kikundi kilekile kilikuta mikro-RNA mbili, miR-125a na miR-200a, zimeshuka kwenye mate ya wagonjwa. Watafiti wa Taiwan nao wakaona miR-31 imepanda, kisha ikashuka baada ya saratani kuondolewa. Hii ndiyo inayonivutia zaidi: mate yangeweza kumfuatilia mgonjwa aliyekwisha kufanyiwa upasuaji.

Sasa njoo kwenye benchi lako. Mgonjwa mwenye donda la ulimi anatema kwenye kijichupa, na mate yanatoka na rangi ya waridi. Hiyo ni damu. Chembe nyekundu zina miR-16 na miR-451 tele, na maabara kadhaa zimetumia miR-16 kama kipimo cha kulinganishia. Damu ikiipandisha, hiyo unayoitafuta itaonekana imeshuka, hali haijasogea popote. Na kwenye PCR mzunguko mmoja tu ni tofauti ya mara mbili, kwa hiyo tone dogo linatosha kukupotosha. Mwambie mgonjwa asile, asivute wala kupiga mswaki kwa saa moja au zaidi. Mate yakusanywe kwenye barafu, yazungushwe kwenye sentrifuji upesi, na majimaji yanayobaki juu yahifadhiwe kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Friza ya namna hiyo mnayo?

Kuna na hesabu. Tuchukulie kipimo kina ile asilimia 91 kwa pande zote mbili. Pima watu 10,000 kijijini, wenye saratani wakiwa 20: utawapata 18, na utawatisha bure karibu 900. Kipimo hichohicho kwa watu 100 waliokuja na madoa au madonda ya kutiliwa shaka, 30 kati yao wakiwa na saratani, kitawapata 27 na kitawatisha 6 tu. Kwa hiyo kama kuna mahali pake, ni kliniki ya kinywa, kusaidia kuamua nani atangulie kukatwa. Hata hapo, watatu wenye saratani wangeambiwa hawana.

Kama mnataka kuanza utafiti, chukueni mate kabla ya biopsi, andikeni hali ya fizi, tumbaku na tambuu ya kila mtu, na jibu la patholojia, yaani la nyama iliyokatwa na kutazamwa kwa darubini, ndilo liwe hakimu. Kibali cha maadili kwanza, lakini. Na yule mwenye donda lililozidi wiki mbili, au doa jeupe lisilofutika, apelekwe akakatwe nyama leo; asingojeshwe vitendanishi.