Mnaoanza Kuandika Kuhusu Sisilia ya Waislamu, Kagueni Miaka Yenu

Wadogo zangu mnaoanza tasnifu kuhusu Sisilia, kisiwa cha kusini mwa Italia, someni hapa kabla hamjampelekea msimamizi rasimu. Kila muhula yanarudi makosa yale yale, na inasikitisha kwa sababu yote yana dawa.

1. "Sisilia ilitekwa mwaka 827." Hapana. Mwaka huo jeshi la Waaghlabi, watawala Waislamu wa Tunisia ya leo, lilishuka Mazara, pwani ya kisiwa, likiongozwa na kadhi Asad ibn al-Furat. Palermo ilianguka 831, Enna 859, Syracuse 878, Taormina 902, na Rometta, ngome ya mwisho, 965. Ni miaka 138! Kwa hiyo ukiandika "Wakristo wa Sisilia walitozwa jizya mwaka 850", taja na mji. Wakati huo Palermo ilikuwa makao ya gavana Mwislamu, na Syracuse bado ilikuwa ya Wabizanti, yaani dola ya Kikristo ya Konstantinopoli.

2. Kugeuza mwaka wa Hijria kuwa wa Masihi: zidisha mwaka kwa 0.97, kisha ongeza 622. Mwaka 264 unakupa 878. Hayo ni makadirio ya kukagulia tu. Mwaka 264 ulianza Septemba 877, hivyo kama chanzo hakitaji mwezi, andika 877/878. Vyanzo vya Kigiriki vinavyohesabu tangu kuumbwa ulimwengu huanza mwaka tarehe 1 Septemba: toa 5509 kwa Septemba hadi Desemba, na 5508 kwa miezi mingine.

3. Hili ndilo linalouma. Unafungua sura ya Wakalbi, watawala wa kisiwa tangu 948 hadi miaka ya 1050, na picha ya kwanza ni jumba la Zisa la Palermo. Zisa lilianza kujengwa miaka ya 1160, chini ya William I, mfalme Mkristo wa Kinormani, yaani wa wale waliotoka kaskazini mwa Ufaransa wakawanyang'anya Waislamu kisiwa. Dari la Cappella Palatina, kanisa la ikulu ya Palermo, lenye maandishi ya Kiarabu? La Roger II, mfalme wa Kinormani vilevile, miaka ya 1140. Kuba za kanisa la San Cataldo? Karne ya 12.

Picha unaweza kuiondoa. Balaa linakuja pale mwandishi anapochukua jarida, zile orodha za Kiarabu za familia za wakulima walio chini ya mabwana, halafu anaandika: "Hivi ndivyo Wakalbi walivyokusanya kodi." Wanormani walivuka hadi Messina 1061, wakachukua Palermo Januari 1072 na Noto 1091. Karibu hati zote za Kiarabu za diwani, yaani ofisi ya serikali ya hati na kodi, tulizobakiwa nazo ni zao. Na uzi wenyewe haukuendelea bila kukatika: baada ya 1111 hati za Kiarabu za watawala zinapotea kwa karibu miaka 20. Zinaporudi katika miaka ya 1130, mtindo wake unafuata diwani ya Wafatimi, watawala wa Misri huko Cairo, ya wakati huo huo. Ukizirudisha nyuma hadi karne ya 10, unaeleza ofisi iliyopangwa upya chini ya Roger II ukidhani unawaeleza Wakalbi. Sura nzima inaanguka, hata kama kila hati umeisoma sawasawa.

Dawa yake ni jedwali la safu nne: tukio, mwaka wa tukio, mwaka wa chanzo, nani alikiagiza. Lijaze kabla ya kuandika aya hata moja. Ibn Hawqal, msafiri na mwanajiografia, alifika Palermo 973, kwa hiyo ni shahidi wa Wakalbi, ingawa aliwadharau wenyeji kiasi cha kudai vitunguu vibichi vimewaharibu akili. Ibn al-Athir, mwanahistoria anayetusimulia mengi ya 827, alifariki 1233: mtumie, lakini sema wazi kwamba anapokea kwa waliomtangulia. Al-Idrisi, ambaye wanafunzi wa Pwani mnamjua kwa habari za Malindi na Mombasa, alikamilisha kitabu chake cha jiografia 1154 huko huko Palermo kwa amri ya Roger II. Huyo muwekeni kwa Wanormani.

4. Msiite jeshi lote la Waislamu "Waarabu". Waberberi, wenyeji wa Afrika ya Kaskazini, walikuwa wengi, na wale wa mji wa Agrigento waligombana na Palermo mara kadhaa.

5. Sarafu: rubai, yaani robo dinari ya dhahabu, ina uzito wa gramu 1 na kidogo. Wanormani waliendelea kuitoa ikiwa na maandishi ya Kiarabu, kwa hiyo someni jina la mtawala kwanza, ndipo mwamue inaingia sura gani.