Bagamoyo kwa siku moja: ulipie ziara au ujipeleke?

Dada, umeuliza kama ulipie ziara ya kwenda na kurudi Bagamoyo ukiwa na mama yako mwenye magoti mabovu, au mpande basi wenyewe.

Mimi ningejipeleka, mwongoza watalii nimchukue hukohuko. Ni kama kilomita 70 tu kutoka Dar, na mabasi yapo kituo cha Makumbusho. Ziara niliyowahi kulipia ilitupa dakika ishirini tu kwenye magofu ya kale ya Kaole, kisha tukakaa saa mbili hotelini tukisubiri samaki!

Anzeni Kaole asubuhi kabla jua halijawa kali. Mkifika mjini chukueni bajaji. Mwombe mwongoza watalii awaonyeshe makaburi yenye nguzo. Kwenye mawe ya matumbawe kuna vishimo vya duara, ndipo zilipopachikwa bakuli za Kichina. Ukipita peke yako utadhani ni mmomonyoko tu. Njia ni ya mchanga na mawe, kwa hiyo mama avae raba, si kandambili.

Halafu nendeni Misheni ya Kikatoliki, iliyoanzishwa 1868. Hapo ndipo Chuma, Susi na wenzao, watumishi wa mpelelezi Mskoti David Livingstone, walifikisha mwili wake Februari 1874, baada ya kuubeba kutoka Zambia ya leo. Kuna vivuli vya kutosha, mama atapumzika.

Ngome Kongwe mkichoka iacheni. Na beba kitambulisho cha taifa, kiingilio cha raia ni nafuu. Bei ya mwongoza watalii kubalianeni kabla hajaanza kusimulia.