Ua wa miti kwenye nafasi finyu: mti gani, na upandwe vipi?

Swali: Nataka kupanda ua wa miti isiyopukutisha majani kwenye mpaka wenye urefu wa mita 20, ili tukiketi bustanini tusionekane. Kimo cha mita 3 kinanitosha, ila upana wa nafasi niliyo nayo ni mita 1.5 tu. Nimeshauriwa nipande saiprasi ya Leyland kila baada ya sentimita 60, kwa sababu inakua haraka. Je, ni sawa?

Jibu: Kwa nafasi hiyo, usiipande. Saiprasi ya Leyland huweza kurefuka karibu mita 1 kwa mwaka, na haisimami ikifika mita 3. Ikiachwa hupita mita 20 na kutanuka mita kadhaa. Utalazimika kuipogoa kila mwaka bila kukosa, maana matawi yake ya zamani yakishapoteza majani hayachipui tena. Ukichelewa kisha ukakata hadi ndani kuirudisha kwenye mstari, utabaki na ukuta wa vijiti vikavu. Miti iliyobanana na kukosa maji pia hushambuliwa na ugonjwa wa kuvu unaokausha tawi moja baada ya jingine.

Kabla ya kuuliza mti unakua upesi kiasi gani, uliza ukikomaa unakuwa na upana gani, na kama unachipua ukikatwa.

Kwenye hali ya hewa ya baridi, ningechagua mti uitwao kitaalamu Thuja occidentalis, wa jamii ya saiprasi, aina ya 'Smaragd'. Kwa kawaida huishia mita 3 hadi 4 kwa kimo na upana wa mita 1 hivi. Iache sentimita 80 kati ya mche na mche. Utahitaji miche 25. Nayo haichipui vizuri kwenye matawi ya zamani, lakini kwa wembamba wake utaikata kidogo tu. Penye joto, Podocarpus macrophyllus inafaa zaidi: inakua polepole, inavumilia mkasi, ila haipendi maji yaliyotuama. Mti mwingine wa ua, Taxus baccata, huchipua hata kwenye shina kuukuu, lakini ina sumu kali. Kama kuna watoto wadogo au mifugo, iache kabisa.

Sasa upandaji, na hapa ndipo nyua nyingi huharibikia. Chimba shimo la majaribio lenye kina cha sentimita 30, lijaze maji, yakiisha ujaze tena. Maji yakikutwa bado yamesimama kesho yake, panda juu ya tuta. Shimo la mche liwe pana mara 2 au 3 ya bonge la mizizi, lakini lisizidi kina chake. Mahali shina linapoanza kutanuka kuwa mizizi pabaki usawa wa ardhi. Mche uliozikwa shingo hudhoofika polepole, na wengi hudhani una kiu. Mizizi iliyojizungusha ndani ya chombo ikate au uinyooshe. Rudishia udongo uleule, kisha tandaza matandazo ya sentimita 5 hadi 8 bila kugusa shina. Nunua miche midogo: huzoea udongo upesi kuliko mikubwa.

Mwagilia kwa kina, si kwa kunyunyiza juu juu, katika misimu 2 ya mwanzo. Ubavuni anza kupogoa kidogo mapema, chini pawe papana kuliko juu, la sivyo matawi ya chini yatakosa mwanga na kupukutisha majani. Ncha za juu usiziguse mpaka ua ukaribie mita 3.