"Nitungie sindano" au "nitilie uzi"?

SWALI: Najifunza ushonaji kwa fundi mmoja karibu na Soko la Majengo, hapa Dodoma. Ni mtu mzima, macho yake yamepungua nguvu, kwa hiyo kila akitaka kushikiza vifungo kwa mkono huniambia, "Nitungie sindano." Mimi nilizoea kwamba kinachotungwa ni wimbo, insha, au sheria kule bungeni. Je, si ingefaa aseme "nitilie uzi kwenye sindano"? Na je, ni tundu la sindano au tundu ya sindano?

JIBU: Fundi wako yuko sahihi, na nakuomba uendelee kusema kama yeye. Kutunga ni kupitisha uzi au kamba katika tundu la kitu. Samaki wa Mtera wakipangwa kwenye kamba moja tunasema mtungo wa samaki. Shanga wanazovaa akina mama wa Kigogo kwenye ngoma ya muheme nazo zimetungwa. Huko bungeni kitenzi ni kilekile: vifungu hupangwa kimoja baada ya kingine mpaka vikawa sheria.

"Nitilie uzi" si kosa, ila kutia ni kitenzi cha kila kitu. Chumvi hutiwa mchuzini, mafuta hutiwa kwenye taa. Hakina habari na kazi yenyewe. Kinachokaribia zaidi ni kupenyeza, lakini hicho nacho kinataja hatua moja tu. Tazama mikono yako: unakata ncha ya uzi kwa mshazari, unailowesha, unaisokota kwa vidole viwili, ndipo unaipenyeza tunduni na kuivuta itokee upande wa pili. Kazi yote hiyo, mpaka uzi umekaa, ndiyo kutunga.

Huenda kilichokutatiza zaidi ni kwamba fundi anataja sindano, uzi hautaji. Kiswahili kinaruhusu. Tunasema "jaza maji kwenye ndoo" na pia "jaza ndoo maji", na hakuna anayeshtuka. Vivyo hivyo "tunga uzi kwenye sindano" na "tunga sindano uzi". Na kwa kuwa mafundi wote wanajua kinachoingia mle ni uzi, neno hilo la mwisho linaachwa. Ukiambiwa "nitungie uzi", kazi ni ileile.

Kuhusu tundu, katika Kiswahili sanifu cha leo andika tundu la sindano, wingi matundu: tundu hili limeziba, matundu haya ni madogo. Hata hivyo usimcheke anayesema "tundu ya sindano". Ndivyo lilivyoandikwa katika Biblia ya Union Version, Mathayo 19:24, penye habari ya ngamia na tajiri, na wengi wamelipokea hivyo tangu utotoni wakiwa kanisani. Mwenye nafasi ya kutumia "tundu ya" bila ubishi ni yule anayezungumzia kizimba cha ndege: tundu ya njiwa, tundu hizi.