Udongo, shaba na karatasi kwenye hewa ya chumvi

Sanamu nyingi za udongo unaounganishwa na vifaa vingine zinazoharibika hapa Lamu huwa zimeharibika kabla hazijafika motoni. Tatizo ni mchanga. Mtu huchota ufuoni kwa kuwa uko karibu na haulipiwi, akauchanganya na udongo wa kufinyangia ili usipasuke. Mchanga huo umejaa vipande vya matumbawe na simbi, na simbi ikipita moto mkali hugeuka chokaa. Sanamu hutoka tanurini safi kabisa. Baada ya siku kadhaa chokaa ile hunyonya unyevu wa hewa, ikavimba, ikaanza kubandua ngozi ya kazi. Kila kishimo utakiona kina nukta nyeupe katikati. Ndilo jambo lile lile mchoma chokaa analolifanya kwa makusudi anapoyamwagia maji matumbawe yaliyoiva. Chembe zikiwa chache, kuitumbukiza kazi kwenye maji baridi mara itokapo, ingali na uvuguvugu, huweza kuiokoa. Zikiwa nyingi, usijisumbue.

Badala ya mchanga, ponda vigae vya vyungu vilivyovunjika hadi viwe kama mchele uliovunjika, chekecha, kisha tia kopo moja la vigae kwa makopo matatu ya udongo. Maji nayo yawe ya mvua au ya bomba. Ya kisima chenye munyu huacha utando mweupe juu ya kazi ikikauka, na utando huo hautoki kwa kufuta.

Jenga kwa kamba za udongo, unene wa ukuta sentimita moja hadi moja na nusu, ndani pawe wazi, na tundu la kutolea hewa liwepo mahali pasipoonekana. Kukausha ndiko kunakotaka subira. Wakati wa kaskazi upande unaopigwa na upepo hukauka na kunywea kabla ya mwenzake, ufa ukaanzia ukingoni. Funika ukingo kwa nailoni, inua kitako juu ya vipande viwili vya mbao, geuza kila siku. Kazi ya kimo cha goti huhitaji wiki mbili au tatu, na wakati wa masika hata zaidi. Ukiiweka shavuni na bado ukahisi ubaridi, maji yamo.

Motoni, saa za kwanza ziwe za moto mdogo kabisa, chini ya nyuzi 100, maana maji yaliyobaki yakigeuka mvuke ghafla hupasua kazi kwa mshindo. Hatari ya pili iko karibu na nyuzi 573, ambapo chembe za kwazi (madini magumu yaliyomo hata mchangani) ndani ya udongo hubadilika ukubwa kwa ghafla, wakati wa kupanda na wakati wa kushuka. Kwa hiyo usifunue tanuri kwa pupa. Ufa uliopanuka mdomo mara nyingi ni wa kukausha. Ufa mwembamba kama unywele, wenye kingo kali zinazoshikana, ni wa kupoza haraka.

Anayetaka rangi nyeusi asitafute rangi dukani. Mfinyanzi Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, hufinyanga kwa mkono bila gurudumu, husugua uso mpaka ung'ae, na kazi yake ikichomwa kwenye hewa ya kutosha hutoka nyekundu. Ikirudishwa kwenye moto wa moshi ulionyimwa hewa, hugeuka nyeusi. Kwa huku kwetu, moto ukishafika kileleni, funika kazi kwa unga wa mbao au mavi makavu ya punda (hayo Lamu hayajawahi kuadimika), kisha ziba kwa mchanga. Ukifunua ikingali moto sana, weusi huungua na kuacha mabaka mekundu.

Sasa vifaa vingine. Shaba, mti, kamba na simbi vyote hufungwa baada ya kuchoma. Msumari ukichomekwa kwenye udongo mbichi, udongo hunywea na msumari haunywei, basi lazima kitu kipasuke. Toboa matundu mapema na uyaache makubwa: udongo mwingi hunywea kama asilimia 10 tangu ukiwa mbichi hadi uive, kwa hiyo kwa kijiti cha milimita 6 toboa milimita 8. Chuma cha kawaida kikwepe, kwani kutu yake huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe na hewa ya bahari huileta upesi. Shaba hubadilika rangi tu. Boriti iwe imekauka vizuri, na bado uiachie nafasi ya milimita mbili au tatu, uizibe kwa kamba ya makumbi, kwa maana mti huvimba masika. Gundi ya sehemu mbili hushika, lakini kwenye jua la mchana hulegea na kugeuka njano.

Chokaa ni bora kuliko watu wanavyodhani. Pale Mambrui, kaskazini ya Malindi, bakuli za Kichina zilipachikwa kwenye nguzo ya kaburi kwa chokaa, wala hazikuchomwa pamoja na ukuta. Tumia kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga uliooshwa chumvi, na ulowanishe kigae kwanza. Kikiwa kikavu hunyonya maji ya chokaa, nayo huachia.

Wasio na tanuri huweza kufuata njia ya msanii Mkenya Wangechi Mutu, ambaye huchanganya udongo mwekundu, rojo la karatasi na gundi bila kuchoma. Ila kazi hiyo iweke ndani, juu, mbali na mchwa.

Udongo ule ule unafaa pia kuwa rangi ya kuchorea kwenye karatasi. Koroga kwenye ndoo ya maji, subiri dakika moja mchanga uzame, mimina ya juu kwenye ndoo nyingine, iache siku nzima. Uji laini unaobaki chini ndio rangi. Loweka gundi ya mgunga, kipimo kimoja kwa viwili vya maji moto, ichuje kesho yake, changanya na matone machache ya asali. Gundi ikipungua, rangi hubaki kidoleni ukiigusa. Ikizidi, hung'aa na kukatika. Paka tabaka tatu nyembamba. Tabaka moja nene hupasuka kama tope la bwawa wakati wa kiangazi. Karatasi iwe ya pamba, gramu 300 kwa mita ya mraba.

Kwenye fremu, acha milimita 4 kati ya kioo na karatasi, na uishike kwa vipande vya karatasi nyembamba na gundi ya wanga. Selotepu huacha doa la kahawia. Zidaka (vishubaka vya ukutani) za nyumba za Lamu ziliwekewa vyombo vya kaure, na kaure haiogopi unyevu; karatasi huuogopa. Usiitundike kwenye ukuta wa nje wa matumbawe. Bandika vijiti viwili vya sentimita moja nyuma ya fremu ili hewa ipite, na masika yakiisha ishushe, uangalie mgongo wake kama kuvu imeanza.